Filamu ya Kaka Iliyokosa Taa kwa Kura Moja

Haya wajukuu, acheni kwanza kusogeza hicho kidole kwenye simu. Nawatega.

Nilizikwa. Kisha nikaoa. Nilipokwisha kuoa, nikaenda kuposa. Mwisho kabisa nikazaliwa, na watu wakapiga makofi. Mimi ni nani?

Fikirini.

Usimwulize mwenzako. Na usiiulize hiyo simu, haijui.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nishaupokea, mji mzuri, una maji. Sasa tulieni, maana jibu la kitendawili hiki nusura limuue kaka yangu mbele ya ukumbi mzima, amevaa suti.

Kaka yangu ni mwongozaji wa filamu. Nasema ni, sisemi alikuwa, kwa sababu mpaka leo ukimpa kijiko anakitazama kwanza kwa jicho moja, aone kama mwanga umekaa sawa.

Ujanani alitengeneza filamu moja tu. Inaitwa Fundi Saa. Inahusu mtu anayetengeneza saa za mtaa mzima huku ya kwake haiendi. Anazaliwa, anakua, anaposa, anaoa, anazeeka, anazikwa.

Basi. Hakuna kupigana. Hakuna gari linalolipuka.

Ikapelekwa kushindania Taa ya Dhahabu, ile tuzo kubwa kuliko zote za filamu. Ikakosa.

Ikakosa kwa kura moja.

Wajukuu, ukikosa kwa kura nyingi, unalia, unalala, unaamka na maisha yako. Ukikosa kwa kura moja, huo ni ugonjwa.

Kaka alikuwa ameshapigilia rafu sebuleni kabla ya matokeo. Rafu ya Taa. Taa haikuja, rafu ikabaki ukutani, na miaka yote hiyo hakikuwekwa kitu pale. Wifi yangu akisahau akaweka hata kikombe, kaka anaruka kama kapigwa shoti.

"Hapo si pa vikombe!"

"Ni pa nini sasa?"

"Pa Taa!"

"Taa iko wapi?"

"Inakuja!"

Wifi maskini akawa anafuta vumbi rafu tupu. Wageni wakija wanaonyeshwa. "Pale ndipo inapokaa," kaka anawaambia kwa fahari, na wageni wanatingisha kichwa huku wanatazama ukuta.

Na kila tulipokutana kwa chai, swali lilikuwa lile lile. Kaka anaweka kikombe chini, anatukagua mmoja mmoja kama polisi.

"Nani aliyeninyima kura ile?"

Mume wangu, ambaye maneno kwake yanatoka kama meno, alijibu vilevile kila mara.

"Shemeji, chai inapoa."

Kaka anakunywa. Yanaisha. Mpaka chai nyingine.

Sasa niwaeleze mume wangu ni nani. Alikuwa fundi wa mashine ya kuonyeshea filamu, katika ukumbi ule ule ambao majaji wa Taa walikuwa wanakaa kutazama. Mimi nilikuwa nauza tiketi dirishani. Alinipenda kupitia lile tundu la kupitishia tiketi, kwa hiyo muda mrefu alikuwa anaijua mikono yangu tu. Uso aliuona baadaye. Hakulalamika.

Majaji walikuwa wanakaa safu ya nyuma, gizani, kila mmoja na tai yake shingoni, na majina yao hayakutangazwa, wasije wakaanza kupelekewa mbuzi majumbani. Mwaka ule wa kaka, jaji mmoja alishikwa na tumbo kabla ya kupiga kura. Nikasikia wamemtafuta mtu aliyeziona filamu zote, azibe pengo. Nani, sikujua. Mimi nilikuwa dirishani.

Ninachokumbuka ni kwamba siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani amevaa tai.

Tai! Mtu ambaye siku ya harusi yetu alikataa kufunga kifungo cha juu.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Nimeazimwa."

"Ya nini?"

Akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Imekaa pale mpaka nguo zangu zimezeeka zikawa madekio, tai bado ipo. Kila nikiuliza mwenyewe ni nani tumrudishie, naambiwa chai inapoa.

Kaka naye ana mambo yake mawili, yashikeni.

La kwanza, kwikwi. Akitazama filamu yake mwenyewe mbele za watu, anashikwa na kwikwi ya kutikisa kiti. Ndiyo maana Fundi Saa hakuwahi kuitazama ukumbini hata mara moja. Inaonyeshwa, yeye yuko nje anazunguka jengo. Watu wakitoka wanamkumbatia, anashukuru, anapanda gari.

La pili, alikataa katakata mikebe ya filamu yake kuandikwa namba. Filamu zamani zilikuwa zinakaa kwenye mikebe ya bati, vipande vipande. Kila fundi anaandika kwanza, pili, tatu. Kaka akasema kuhesabu kazi kabla ya tuzo ni mkosi.

"Filamu yangu si viazi," alisema. "Mkebe wa kwanza uko juu, basi. Ukiumaliza, chukua unaofuata."

Mwaka huu ikaja habari. Kamati ya Taa imeamua kuandaa maonyesho ya filamu za zamani zilizokosa tuzo kwa unywele. Zitaonyeshwa nzima, kila moja na siku yake, ukumbi ule ule, na watazamaji wenyewe ndio watakaoamua kama filamu ilistahili. Wakisimama, Taa inatolewa hapo hapo. Wakikaa, kwaheri.

Kaka amezeeka, miguu imekataa, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Moyo wake nao daktari kaushikilia kwa vidonge. Aliposikia habari ile alimwita wifi.

"Futa rafu!"

"Nimeifuta asubuhi."

"Irudie!"

Nami nikafika nyumbani mbio kumwambia mume wangu. Nilidhani atafurahi. Akakaa kwenye kochi, akashika kikombe, hakukinywa.

"Mama watoto," akasema, "ile filamu imepinduka."

"Imepinduka vipi?"

Ndipo akanieleza, na mimi nikakaa chini pole pole.

Siku ya majaji, filamu ililetwa kwa gari. Mume wangu akashusha mkebe wa juu, akauweka sakafuni. Akashusha uliofuata, akauweka juu ya ule. Hivyo hivyo mpaka ikaisha. Wa kwanza ukawa chini kabisa, wa mwisho ukawa juu. Nendeni jikoni mjaribu na sahani, mtaona.

Namba hakuna. Akachukua wa juu, kama alivyoagizwa. Akawasha.

Jeneza.

"Nilitaka kuzima," akaniambia. "Lakini sheria yao, mashine ikizimwa majaji wamekaa, filamu inatolewa mashindanoni. Nikaiacha. Nikaendelea kushuka nao, mkebe kwa mkebe."

Kwa hiyo majaji walimwona fundi saa anazikwa. Kisha anaoa. Kisha anaposa. Kisha ni mtoto anakimbia na kaptura. Na mwisho kabisa mkunga anamwinua mtoto mchanga mbele ya dirisha, mwanga unamwangukia usoni, taa za ukumbi zinawaka.

Jibu la kitendawili ndilo hilo, wajukuu. Fundi saa wa kaka yangu.

Na majaji wakalia! Magazeti yakaandika kwamba hajawahi kutokea mwongozaji mwenye kichwa kama hiki, kamrudisha mtu nyuma kama mshale wa saa uliogeuzwa! Waigizaji wakajua kaka kaamua. Kaka akasoma "amecheza na wakati", akajua wanasifia zile saa ukutani. Ofisi ya Taa nayo ikaipiga mikebe namba kwa rangi nyekundu, kwa mpangilio ule ule uliopinduka, ikafunga stoo.

Dunia nzima inaijua filamu ya kaka. Asiyeijua ni kaka.

"Na safari hii hawezi kuzunguka jengo," nikasema. "Ana magurudumu. Watamweka mbele kabisa."

"Ndiyo hapo," akasema mume wangu.

Mnaiona kazi? Ikionyeshwa ilivyopinduka, kaka ataona, na ule moyo wa vidonge sijui utasemaje. Ikinyooshwa, watu wataona mtu kazaliwa, kazeeka, kafa, kama jirani yao yeyote. Nani atasimama? Taa itakosekana tena, na kukosa mara mbili kunaua taratibu zaidi.

"Tumwambie," nikasema.

"Mwambie wewe, ndugu yako."

"Mikebe uliipindua wewe!"

"Namba alikataa yeye!"

Tukabishana mpaka chai ikapoa kweli.

Siku ya onyesho ikafika. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyekuwa anamsukuma mjomba wake, na vidonge vimo mkobani. Na niwape siri ndogo: yule mtoto mchanga wa dirishani ni huyo huyo binti yangu. Kaka alimwazima wiki aliyozaliwa. Hajamlipa mpaka leo, ila pipi.

Mume wangu akatoka chumbani amevaa ile tai.

"Leo umeikumbuka?"

"Leo nina kazi nayo."

Tulipofika, akapanda juu kwa kijana fundi wa kompyuta, maana siku hizi mikebe yote imeingizwa kwenye mashine ndogo kama sabuni. Alikaa huko kitambo. Akashuka amekauka usoni.

"Umeiacha au umeinyoosha?" nikamnong'oneza.

"Kaa."

"Nijibu!"

"Anataka Taa. Kaa."

Safu ya mbele walikuwa wamepangwa wazee waliokosa. Wajukuu, sijawahi kuona safu ya namna ile. Mmoja filamu yake ilikosa kwa sababu ilikuwa inahusu kinyozi mwizi, na jaji mkuu alikuwa na shemeji kinyozi. Mwingine alikuwa amejiandaa sana hata akapanda jukwaani kushukuru kabla jina halijasomwa. Likasomwa jina la mwingine. Hakushuka. Wakashukuru wote wawili.

"Wewe ulikosa kwa ngapi?" yule wa kinyozi akamwuliza kaka.

"Moja."

Safu nzima ikamtazama kwa heshima. Yule wa kushukuru akavua kofia.

Taa zikazimwa. Kaka akaanza. "Kwik!"

"Mjomba, pumua," binti akasema.

"Kwik! Napumua! Kwik!"

Kiti cha magurudumu kikawa kinasogea chenyewe. Binti akafunga breki.

Picha ikatokea.

Jeneza.

Nikamshika mume wangu mkono nikamfinya. Mbele yetu kwikwi ikakatika. Papo hapo, kama redio iliyochomolewa.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu mwenye kwikwi yuko hai. Ikinyamaza hujui.

"Yuko hai?" nikamnong'oneza binti.

Akamshika mkono. "Mapigo yapo, mama. Ila hapepesi macho."

Makaburi yakapita. Harusi ikaja. Kaka akageuka nyuma pole pole, shingo nzima, akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama dari. Kaka akarudi mbele. Posa ikaja. Akageuka tena. Dari.

Mara ya tatu hakugeuka. Mtoto wa kaptura alikuwa anakimbia, na yule maiti tuliyemzika mwanzo, tukajua ndiye huyu, na kila alichokuwa anakicheka tulikuwa tunajua kitamfikisha wapi. Wanawake wakaanza kutoa vitambaa. Yule wa kinyozi mwizi akapenga kamasi.

Kisha mkunga akamwinua mtoto dirishani. Binti yangu, na huku yuko pale pale mbele yangu, mvi zimemwanza, ameshika mapigo ya mjomba wake.

Mwanga ukawaka. Nikasikia kitu kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Si kwikwi. Kaka alikuwa analia.

Mshereheshaji akamsukumia maiki. "Mzee wetu, swali ambalo nchi nzima imekuwa ikijiuliza. Uliwaza nini mpaka ukaanza na kaburi?"

Nikajisemea, yamekwisha.

"Mimi sikuanza na kaburi," kaka akasema. "Mimi nilianza na mtoto."

Watu wakavuta pumzi. "Aaah!"

"Sikilizeni, siyo aaah. Mikebe ilipinduka!"

Makofi!

"Nasema kweli jamani! Shemeji yangu aliipanga vibaya! Filamu imekaa kichwa chini!"

Makofi yakazidi. Mchambuzi mmoja wa redioni akasimama juu ya kiti, akapaza sauti kwamba maisha yetu sote ni mikebe iliyopinduka. Watu wakaitikia kama wako ibadani. Kaka akawa anapunga mikono, hapana, hapana, na wao wanampungia vile vile.

"Wanaosema ilistahili, wasimame!" mshereheshaji akasema.

Ukumbi wote ukasimama. Wazee waliokosa wakasimama, na fimbo zao. Kijana wa kompyuta juu akasimama.

Waliobaki wamekaa ni wawili tu. Kaka, kwa sababu ya miguu. Na mume wangu.

"Simama!" nikamfinya.

"Magoti," akasema.

Magoti! Mtu aliyepanda ngazi kwa fundi kama paka!

Taa ikaletwa, nzito, inameta, kaka akawekewa mapajani. Alipopita mbele yetu anasukumwa, akageuza shingo kwa mume wangu. Aliitazama ile tai tu.

Sasa wajukuu, funzo nalitoa hapa hapa, kwa sababu mwisho wa kisa hiki si wangu. Mtu akisifiwa kwa kitu, mwulizeni kwanza kama yeye mwenyewe amekiona. Na mtu akikaa kimya kwenye chai miaka na miaka, msidhani hana la kusema. Pengine analo, anatafuta tu mahali pa kuliweka.

Kesho yake asubuhi tukaenda kwa kaka kuipandisha Taa kwenye rafu yake.

Haikukaa.

Kitako chake kipana kuliko rafu. Miaka yote ile kaka alikuwa ameipimia kwa macho! Tukaiegemeza, ikayumba. Tukailaza, ikabiringika, binti akaidaka hewani. Mwishowe wifi akachoka, akaipindua, kifuniko chake cha juu kikawa chini.

Ikatulia. Kichwa chini, miguu juu.

Kaka akaitazama kwa jicho moja.

"Iacheni hivyo hivyo," akasema. "Ishazoea."

Chai ikaletwa. Tukacheka kidogo. Kisha kaka akaweka kikombe chini, akatukagua mmoja mmoja.

"Nani aliyeninyima kura ile?"

"Jamani!" wifi akapiga makofi. "Si Taa hiyo hapo juu!"

"Taa nimepata. Jibu sijapata."

Sote tukamgeukia mume wangu, tunasubiri chai ipoe.

Akakisogeza kikombe pembeni. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kidude kidogo kama sabuni, kama kile cha juu kwa fundi wa kompyuta, akakiweka mezani mbele ya kaka.

"Humu imo Fundi Saa," akasema. "Imepangwa ulivyoitengeneza wewe. Anazaliwa kwanza."

Kaka hakukigusa. Alikuwa anamtazama mume wangu shingoni.

Mume wangu akailegeza tai, akaivua, akaikunja vizuri na kuilaza juu ya kile kidude.

"Ni mimi, shemeji," akasema. "Wale waliokupa kura, waliipigia filamu yangu. Mimi nilikuwa nasubiri yako."